Mapigo ya Skrini Mbili Ndani ya Chipu Moja

Katika mabanda ya kuonyeshea mpira kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Mbeya, kama pale Ilula wilayani Kilolo, king'amuzi kimoja kinaweza kuhudumia televisheni mbili: bapa kwa waya wa HDMI, na ile ya chogo kwa waya wa AV. Ving'amuzi vimeenea tangu mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa jijini Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na ndani ya vingi kuna kompyuta ndogo inayoendeshwa na keneli, yaani kiini, cha mfumo wa Linux. Sasa badilisha ukali wa picha kwa ajili ya ile bapa, halafu ile ya chogo ianze kutetemeka au kupoteza rangi. Nyaya zitabadilishwa, matundu yatasafishwa, na tatizo litabaki palepale. Chanzo kinaweza kuwa mapigo ya saa ambayo skrini zote mbili zinagawana.

Picha hupelekwa nukta moja baada ya nyingine. Picha ya nukta 1920 kwa 1080, ukijumlisha pambizo zisizoonekana, hufika 2200 kwa 1125. Zidisha kwa mara 60 kila sekunde, unapata mapigo milioni 148.5, yaani megahezi 148.5. Ile ya 1280 kwa 720 hutaka 74.25, na saketi ya AV hutaka 27. Lakini chipu haina kristali ya kila kasi. Huwa na moja, mara nyingi ya megahezi 24, pamoja na saketi ya kuzidisha mapigo ambayo mafundi huiita PLL. Zidisha 24 kwa 99, gawanya kwa 8: 297. Kisha igawanye 297 kwa 2, kwa 4 na kwa 11, na kasi zote tatu zinatoka bila masazo. Hii ni hesabu nzuri mno, na aliyeichagua alifikiria skrini zote kabla ya kuiwasha hata moja.

Shida huja anapoongezeka mgeni. Chukua kioo cha nukta 1024 kwa 768 kinachotaka megahezi 65. Kutoka 297 huipati 65. Draiva yake, yaani programu inayokiendesha, ikiwa imeruhusiwa kufika hadi kwenye PLL, itaishusha hadi 260 ili igawanye kwa 4. Kioo kinawaka vizuri. Papo hapo HDMI inapata 130 badala ya 148.5, na AV 23.6 badala ya 27. Wakulima wa vitunguu wa Ruaha Mbuyuni wanaufahamu ugomvi wa aina hii: mmoja anagusa lango kuu la mfereji kwa ajili ya shamba lake, wa chini wanakauka bila kuambiwa.

Linux ilipata mfumo mmoja wa kusimamia saa hizi katika toleo la 3.4, mwaka 2012, kwa kazi iliyoongozwa na Mike Turquette. Saa hupangwa kama ukoo, mzazi na watoto, na alama maalumu huruhusu ombi la mtoto kubadilisha kasi ya mzazi. Ipo njia ya kuuliza kasi itakayopatikana kabla ya kuiomba, ipo ya kuifunga kasi isiguswe, na ipo ya kumwarifu kila mtumiaji ili aweze kupinga. Bado tatizo halijaisha. Katika chipu ya i.MX 8M Plus ya NXP, kioo cha kiunganishi cha LVDS na kile cha DSI hugawana PLL moja, na LVDS hutaka mara saba ya kasi ya nukta. Mwaka 2024 wasanidi wa keneli walikuwa wakibishana kuhusu ruhusa hiyohiyo ya kumgusa mzazi.

Msimamo wangu ni kwamba mwenye mipaka mipana ndiye apishe. Televisheni ya HDMI huvumilia tofauti ya takriban nusu asilimia tu. Kioo kilichofungwa ndani ya kifaa mara nyingi hupewa na mtengenezaji kasi ya chini na ya juu, na kikipewa 59.4, yaani 297 gawanya kwa 5, kitaonyesha picha kama 55 kwa sekunde, jambo ambalo macho ya wengi hayataliona. Basi PLL ipangwe mara moja kwenye faili ya maelezo ya kibao cha saketi, ifungwe, na draiva ikatae kasi isiyogawanyika. Kukataa waziwazi ni bora kuliko kuvunja picha ya mwenzako kimyakimya.

Walimu wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya na wa vyuo vya VETA, keneli hii iko wazi kwa yeyote kuisoma. Wapeni wanafunzi kibao kimoja na skrini mbili. Wafungue clk_summary, faili ya keneli inayoorodhesha saa na kasi zake, kabla na baada ya kubadilisha ukali wa picha, walinganishe mstari kwa mstari, na wasiguse waya wowote mpaka wamemaliza.