Saa za ziada zisizozaa

Mwaka 1915 Uingereza ilikuwa vitani na makombora ya mizinga hayakutosha. Viwanda vikaongeza saa za kazi. Wanaume kwa wanawake wakawa wanasimama mashineni hadi saa 70 kwa wiki na zaidi, Jumapili ikiwemo. Serikali ikaunda kamati ya kuchunguza afya yao, na mchunguzi wake mmoja, mtaalamu wa fiziolojia H. M. Vernon, akaamua kuhesabu tu: wiki hii mfanyakazi ametoa vipande vingapi, na amekaa kazini saa ngapi.

Takwimu zile zilichambuliwa upya mwaka 2014 na John Pencavel, mchumi wa Chuo Kikuu cha Stanford. Alikuta kwamba hadi kufikia kama saa 49 kwa wiki, kila saa iliyoongezwa ilizaa sawa na iliyotangulia. Kupita hapo, kila saa mpya ilizaa pungufu. Aliyefanya kazi saa 70 alitoa kiasi kisichotofautiana sana na aliyefanya saa 56. Saa 14 za jasho, karibu zote bure! Na pale ambapo watu walinyimwa siku ya mapumziko, mazao ya wiki yalishuka.

Sisi tunaoshughulikia afya ya wafanyakazi tunarudi kwenye viwanda vile mara kwa mara, kwa sababu kipande cha chuma kinahesabika. Kazi nyingi za leo hazihesabiki hivyo. Karani anayebaki ofisini hadi usiku anaonekana mchapakazi, na hakuna anayepima makosa ambayo kesho yake itabidi yarekebishwe.

Mwilini mambo yako hivi. Kadiri unavyokaa macho, ubongo unakusanya kemikali iitwayo adenosini, ambayo ndiyo inayokuletea usingizi. Usingizi ndio unaoipunguza. Kahawa huziba tu sehemu ambazo kemikali hiyo hushika, kwa hiyo unaacha kuusikia uchovu ilhali upo palepale. Watafiti wa Australia walionyesha mwaka 1997 kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hupungukiwa wepesi wa mikono na macho kama mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu. Ukiamka saa 11 alfajiri, unafikia hapo saa 4 usiku, bila kuonja hata tone.

Akili nayo ina kikomo chake. Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alieleza kwamba ukiiacha kazi moja katikati na kurukia nyingine, sehemu ya fikra hubaki kwenye ile ya kwanza, na ya pili unaifanya vibaya. Mhasibu anafunga hesabu za mwezi, simu inalia, ujumbe wa kundi la harusi, kisha bosi anataka jibu sasa hivi. Mshika mbili moja humponyoka, na huyu ameshika nne. Kumfundisha kupanga ratiba vizuri zaidi hakutamsaidia. Dawa ninayoiamini ni kupunguza: kazi moja hadi imalizike, simu iwekwe mbali, na baadhi ya mambo yakataliwe tangu mwanzo. Hilo la mwisho ndilo gumu, maana kwetu kukataa huonekana kiburi.

Asiyepunguza hulipa kwa afya. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalikadiria mwaka 2021 kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kunaongeza hatari ya kiharusi kwa asilimia 35, ukilinganisha na saa 35 hadi 40. Kwa mwaka 2016 pekee, vifo vya kiharusi na ugonjwa wa moyo vilivyohusishwa na saa hizo ndefu vilikadiriwa kuwa 745,000. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki na angalau saa 24 mfululizo za kupumzika. Kiwango hicho kiko chini kidogo tu ya pale mazao yalipoanza kudorora katika viwanda vya makombora.

Lakini sheria hiyo inamlinda mwenye mwajiri. Dereva wa bodaboda anayeendesha pikipiki ya mtu lazima jioni apeleke hesabu, yaani kiasi cha fedha alichopangiwa na mwenye chombo. Siku ikiwa mbaya, hesabu haipungui. Kinachoongezeka ni saa barabarani, na anazisogeza hadi usiku mwingi, jicho zito, abiria nyuma. Kumwambia huyo achague maisha ya polepole ni kumkosea heshima, kwa kuwa mwendo wake umepangwa na mwenye chombo. Wapo wamiliki wanaodai hesabu ya siku sita na kumwachia dereva ya saba. Ni utaratibu mzuri, ila mara nyingi siku hiyo ya saba ndiyo pekee ambayo fedha yote ni yake, basi naye huamka alfajiri akaingia barabarani. Ningependa wamiliki na vyama vya bodaboda wakae waipange upya hesabu yenyewe: iwe ya wiki, na iwe kiasi ambacho dereva anaweza kukipata mchana, akalala nyumbani usiku.