Kabla ya kununua ruta, uliza uwezo wa prosesa yake

CHISENGA, Zambia — Kisiwa cha Chisenga kiko pale Mto Luapula unapoingia Ziwa Mweru, wilayani Nchelenge. Ng'ambo ni Kongo. Dagaa wa chisense huvuka kwa boti. Bei, madeni na oda huvuka kwa simu. Tangu Starlink ianze huduma nchini Zambia Oktoba 2023, hata pasipo na nyaya panaweza kupatikana intaneti ya kasi. Mwenye duka huku na ghala kule anaweza sasa kuviunganisha kwa VPN, yaani njia ya siri ndani ya intaneti. Hapo ndipo wauzaji humletea ruta ya bei kubwa yenye "prosesa ya usimbaji".

Je, anaihitaji? Ujumbe wa WhatsApp na programu za benki husimbwa ndani ya simu yenyewe kabla ya kufika kwenye ruta. Mawimbi ya Wi-Fi kwa kawaida husimbwa na chipu ya redio. Anayetumia ruta kwa hayo tu hana sababu ya kuongeza pesa.

Hesabu hubadilika VPN inapowekwa ndani ya ruta. Hapo prosesa hufunga na kufungua kila pakiti. Kanuni ya AES, iliyopitishwa kuwa kiwango cha serikali ya Marekani mwaka 2001, huilemea prosesa ndogo isiyo na amri maalumu za kazi hiyo. Intel ilianza kuziweka mwaka 2010 kwa jina la AES-NI. Kwa prosesa za ARM ni za hiari, hivyo jina ARM pekee si dhamana: Raspberry Pi 4 ya mwaka 2019 haina, Raspberry Pi 5 ya mwaka 2023 inazo. Kwa kifaa cha Linux, fundi afungue faili la /proc/cpuinfo; neno "aes" likionekana, amri hizo zipo.

Ipo njia nafuu pia. WireGuard, iliyoingizwa kwenye Linux 5.6 mwaka 2020, hutumia kanuni ya ChaCha20 isiyotegemea amri hizo. Kwa kawaida ruta ndogo huiendesha haraka kuliko OpenVPN.

Kisha ipimwe kasi ya laini. Laini ikiwa ya megabiti 10 kwa sekunde, ruta inayosimba megabiti 30 inatosha. Ya megabiti 300 haitaongeza kitu. Anayetegemea sola aulize pia kifaa kinakula wati ngapi, maana betri lazima ifike asubuhi.

Kabla ya kulipa, mnunuzi adai ruta ijaribiwe VPN ikiwa imewashwa. Uvuvi hufungwa Desemba hadi mwisho wa Februari, na pesa iliyozama kwenye kifaa kisichohitajika hainunui mzigo Machi.