Sikio la Kungojewa na Sikio Lisilongoja

Wazazi wengi wanaompeleka mtoto kwa daktari kwa ajili ya sikio huwa wameona mojawapo ya mambo mawili: maumivu au usaha. Ugonjwa wa ute katika sikio la kati hauna hata moja. Mtoto hana homa, halii usiku wala hashikishiki sikio. Anachofanya ni kusogea karibu na televisheni, kuuliza "eeh?" kila mara, na kuitika pale tu anapomwona anayemwita. Leo ataitwa mara tatu asijibu, kesho atasikia pakiti ya biskuti ikifunguliwa chumba cha pili. Watu wazima hukata shauri kwamba anasikia akitaka, na wengine huchukua fimbo. Kumbe huko kupanda na kushuka kwa usikivu ni dalili ya ugonjwa wenyewe.

Nyuma ya kiwambo cha sikio kuna chumba kidogo chenye hewa, na ndani yake vifupa vitatu vinavyopokezana mtikisiko wa sauti. Hewa hufika humo kupitia mrija wa Eustachio, unaotokea nyuma ya pua na kufunguka mtu anapomeza au kupiga miayo. Mrija wa mtoto ni mfupi, mwembamba, na umelala badala ya kuinama. Mafua kidogo tu huuvimbisha, na nyama za puani zikiwa kubwa hali huzidi. Hewa ikikosekana, ute hujikusanya chumbani, mwanzoni mwepesi kama maji, baadaye mzito wa kunata. Usikivu hupungua kwa kawaida kwa desibeli 20 hadi 30, karibu sawa na mtu aliyejiziba masikio kwa vidole. Sauti anaisikia, ila herufi hafifu kama "s", "f" na "t" zinampotea. Katika darasa lililojaa watoto, mvua ikipiga bati, mtoto wa namna hii haambulii kitu.

Tatizo lenyewe ni la kawaida mno. Inakadiriwa kwamba watoto wanane au zaidi kati ya kumi hulipata angalau mara moja kabla ya kuanza shule, na umri wa miaka miwili na wa miaka mitano ndio unaoongoza. Moshi wa sigara nyumbani huongeza hatari. Kunyonya maziwa ya mama huipunguza. Watoto wenye ugonjwa wa Down na waliozaliwa na kaakaa lililopasuka huandamwa nalo zaidi, nao wafuatiliwe tangu mapema bila kungoja malalamiko.

Kuligundua si kazi ngumu vifaa vikiwapo. Daktari huchungulia kwa otoskopu, kisha kifaa kiitwacho timpanometa husukuma hewa kidogo sikioni na kuchora jinsi kiwambo kinavyocheza. Kiwambo chenye hewa nyuma yake huchora kilima. Chenye ute huchora mstari uliolala. Hata hivyo mchoro huo hausemi mtoto anasikia kiasi gani, kwa hiyo kipimo cha usikivu lazima kifuate.

Ushauri unaofuata huwashangaza wazazi: kungoja miezi mitatu, kisha kupima tena. Miongozo ya madaktari wa Marekani ya mwaka 2016 na ya Uingereza ya mwaka 2023 inakubaliana kwamba ute mwingi hukauka wenyewe, na kwamba antibiotiki, dawa za mafua, dawa za mzio na steroidi hazisaidii. Ile chupa ya amoksilini inayonunuliwa duka la dawa "kwa sababu ya masikio" inapoteza fedha, na inawafundisha bakteria usugu.

Kungoja huku lakini si kukaa bure. Mtoto akae mbele darasani, aitwe jina kwanza kabla ya kuambiwa jambo, na anayesema naye amsogelee na kumtazama usoni, redio ikiwa imezimwa. Mwalimu aambiwe. Kuanzia miaka minne hivi, anaweza pia kupuliza puto maalumu kwa tundu moja la pua ili hewa isukumwe kwenda kwenye mrija. Wazo hilo lina mizizi Vienna, ambako Adam Politzer alieleza mwaka 1863 jinsi ya kusukuma hewa puani kwa mpira mgonjwa akimeza. Uingereza walilijaribu puto kwa watoto 320 na kuchapisha matokeo mwaka 2015: baada ya mwezi mmoja, asilimia 47 ya waliopuliza walikuwa na vipimo vya kawaida, dhidi ya 36 ya wasiopuliza. Si muujiza, lakini ni nafuu ya bei ndogo isiyo na kisu.

Ute ukigoma na usikivu ukabaki chini masikio yote mawili, ndipo upasuaji hufikiriwa. Daktari hutoboa kiwambo na kupachika kijibomba cha plastiki chenye upana wa milimita chache, njia iliyorudishwa na Beverly Armstrong wa Marekani mwaka 1954. Kazi ya kijibomba hasa ni kuingiza hewa ambayo mrija umeshindwa kuileta. Hutoka chenyewe, mara nyingi baada ya miezi sita hadi kumi na miwili. Wakati mwingine nyama za puani huondolewa papo hapo. Wazazi wasiotaka upasuaji wanaweza kuulizia vifaa vya kusaidia kusikia vitumike kwa muda. Ni njia halali kabisa, ingawa hutajwa mara chache.

Sikio linalotoa usaha ni habari nyingine, na hapa mazoea yetu yamegeuka kichwa chini. Mtoto wa ute asiyehitaji dawa anamezeshwa vidonge. Wa usaha anayezihitaji anaambiwa "akikua litakauka", au anamiminiwa mafuta na maji ya kitunguu. Usaha unaopita wiki mbili unaashiria kiwambo kilichotoboka. Shirika la Afya Duniani linashauri sikio likaushwe mara tatu kwa siku kwa utambi wa kitambaa safi kinachofyonza, kisha litiwe matone ya antibiotiki ya jamii ya kwinoloni kwa wiki mbili. Kukausha peke yake hakutoshi, na ushahidi upo hapa nyumbani. Katika utafiti wa watoto 524 wa shule za msingi wilayani Kiambu, Kenya, uliochapishwa mwaka 1996, waliokaushwa masikio na kupewa antibiotiki za matone na za kumeza pamoja na matone ya steroidi walipona usaha kwa asilimia 51. Waliokaushwa tu walipona kwa asilimia 22, sawasawa na wale ambao hawakutibiwa kabisa.

Mtoto mwenye uvimbe unaouma nyuma ya sikio asingoje dozi yoyote iishe. Maambukizi yakiingia kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio yanaweza kufika kwenye ubongo, na huyo ni wa kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo.