Kiingilio buku tano, safari laki na nusu!

Na Mwandishi Wetu, Tunduma

UKITAKA kuanzisha ubishi Tunduma, usiguse foleni ya malori wala bei ya kwacha. We pita kijiwe chochote cha bodaboda, uliza kwa upole: "Hivi mechi ya Yanga na Simba kiingilio huwa shilingi ngapi?" Halafu kaa pembeni usikilize.

Wa kwanza atasema buku tano. Wa pili atasema elfu kumi, na ataapa kwa mama yake. Wa tatu, kama ni mmoja wa wale waliofunga safari Machi 2025, hatajibu haraka. Atatazama chini, atacheka kicheko cha mtu aliyeibiwa kuku, kisha atasema: "Mimi kilinigharimu laki mbili, na mpira sikuuona."

Huyo wa tatu ndiye aliyetufanya tuandike makala hii. Ni dereva wa bodaboda, shabiki wa Yanga wa kufa na kuzikana. Jina lake tunalihifadhi, maana mke wake mpaka leo anajua jamaa alikwenda msibani Morogoro.

Msomaji wangu, kiingilio ni jambo tunalolizungumza vibaya. Klabu ikitangaza bei, magazeti yanaandika, redio zinasoma, na sisi tunabishana kama ni ghali au ni rahisi. Lakini bei ile ni ya mtu wa Temeke, ambaye anaweza kwenda uwanjani kwa miguu na kurudi kwa miguu. Mtu wa Tunduma bei yake ni nyingine kabisa.

HESABU YA MTU WA MPAKANI

Chukua kalamu tupige hesabu. Kutoka Tunduma hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900. Kwa viwango vya nauli vya LATRA vilivyoanza kutumika Desemba 2023, basi la daraja la kawaida lilikuwa shilingi 48.47 kwa kila kilomita. Hapo unapata kama elfu arobaini na tano kwenda tu. Kwenda na kurudi, elfu tisini imekatika kabla hujaliona hata lango la uwanja.

Tuseme unalala gesti ya elfu kumi na tano kwa siku mbili: elfu thelathini. Tuseme unakula kiuungwana, chipsi kavu na chai, elfu ishirini safari nzima. Daladala za mjini, weka elfu tano. Mwisho kabisa ndiyo tiketi ya mzunguko, tuseme hiyo buku tano. Jumla: laki moja na nusu.

Umeona kasheshe? Katika laki na nusu, kiingilio ni buku tano. Yaani katika kila shilingi thelathini unazotoa, moja tu ndiyo ya tiketi. Zipo hata mechi za kimataifa ambazo vilabu vyetu vimewahi kufungua mzunguko bure, watu wakashangilia. Kwa mtu wa Tunduma ile bure ni laki moja na elfu arobaini na tano!

Na hapo hatujagusa siku za kazi. Bodaboda ikilala siku nne, mwenye chombo hataki kujua nani kafunga goli. Anataka hesabu yake. Ndiyo maana yule jamaa yetu anasema laki mbili, wala haongezi chumvi.

Vijana wa mjini noti nyekundu ya elfu kumi huiita msimbazi, kwa heshima ya Wekundu wa Simba. Basi kuna utani hapa mpakani kwamba hata ukiwa Yanga damu, safari ya kwenda kuiona Yanga inalipiwa na Msimbazi kumi na tano.

MACHI 8, SIKU YA KULIA

Sasa sikiliza kilichotokea. Mechi ya watani ilipangwa Jumamosi, Machi 8, 2025, Yanga wakiwa wenyeji. Jamaa yetu aliondoka Tunduma Alhamisi. Ijumaa usiku Simba wakaenda Uwanja wa Benjamin Mkapa kufanya mazoezi, na baadaye wakasema wamezuiwa kuingia, hivyo hawachezi. Jumamosi yenyewe, Bodi ya Ligi ikatangaza kuahirisha mechi. Yanga nao wakafika uwanjani wakisema wao wako tayari.

Nani alikuwa na haki? Hilo limebishaniwa mpaka sauti zimekauka, na si kazi ya makala hii. Sisi tunamuuliza yule aliyekuwa amekaa gesti na tiketi mfukoni.

"Kaka, nilidhani utani," anasimulia. "Nikapiga simu kwa mshikaji mmoja, akanicheka. Nikatoka nje nikakuta watu wamevaa jezi wamesimama barabarani, hawajui waende wapi. Kuna mzee mmoja alitoka Sumbawanga na mwanawe. Mtoto ndiyo mara yake ya kwanza kuja Dar. Yule mzee hakusema neno, alikuwa anamshika tu mtoto kichwa."

Mechi ile ilikuja kuchezwa Juni 25, 2025. Yanga wakashinda 2-0, Pacôme Zouzoua kwa penalti na Clement Mzize wakifunga, na ubingwa ukaenda Jangwani kwa mara ya nne mfululizo. Raha iliyoje! Lakini tazama kalenda: Juni 25 ilikuwa Jumatano. Mtu wa Ilala anaomba ruhusa kazini saa nane. Mtu wa Tunduma anahitaji tena siku nne na laki nyingine na nusu. Jamaa yetu aliiangalia kwenye kibanda umiza, amesimama, shingo upande.

Hapa ndipo penye kiini cha mambo. Klabu inapokuuzia tiketi, inadhani imekuuzia kiti. Kwa mtu wa mbali, kilichouzwa ni kiti pamoja na tarehe. Tarehe ikihama, hata ukirudishiwa buku tano yako yote, umerudishiwa moja katika thelathini.

Wala haikuwa mara ya kwanza. Mei 8, 2021 mechi hiyohiyo ilivurugika baada ya muda kusogezwa siku ya mechi kutoka saa 11 jioni hadi saa 1 usiku. Ikaja kuchezwa Julai 3. Na wa mbali walikuwepo siku hiyo pia.

UWANJA UNAJAA, NDIYO MAANA WANATAMBA

Utauliza, kwa nini vilabu visijali? Jibu ni rahisi: wateja wapo. Yanga walianzishwa 1935, Simba 1936, na kwa wawili hao Watanzania wamegawana kama waliogawiwa kura. Simba walichukua ubingwa mara nne mfululizo kuanzia msimu wa 2017/18 hadi 2020/21. Yanga wakapokea kijiti na kuchukua minne mingine, 2021/22 hadi 2024/25. Kwa miaka minane mtu wa tatu hakugusa kombe.

Uwanja wa Mkapa una viti 60,000. Kwa mechi ya kawaida vinabaki vingi. Kwa mechi kubwa havitoshi hata kwa dawa. Mei 28, 2023, Yanga walipocheza fainali ya kwanza ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya USM Alger, kulitokea msongamano wakati wa kuingia. Mtu mmoja alifariki na wengine 30 wakajeruhiwa. Hiyo ndiyo kiu ya tiketi tunayoizungumza. Si mchezo.

Na huku mpakani kiu hiyo imevuka mpaka. Clatous Chama, Mwamba wa Lusaka, alipotua Simba mwaka 2018, vijana wa Nakonde walianza kuja upande wetu kutazama mechi. Yanga wakamleta Kennedy Musonda Januari 2023, ugomvi ukanoga. Chama alipohamia Yanga mwaka 2024, we acha tu! Kuna watu hapa walinuniana mpaka kwenye kubadilishana kwacha.

MBEYA NI KARIBU, LAKINI...

Kuna atakayesema: mtu wa Tunduma aende zake Mbeya akaisubiri Yanga au Simba pale Sokoine. Kilomita mia na kidogo tu, kwa hesabu ileile ya LATRA nauli ni kama buku tano. Unakwenda asubuhi, usiku umelala kwako.

Ni kweli, na wengi ndivyo wanavyofanya. Mpaka mwaka 2016, Songwe haijawa mkoa, sisi wote tulikuwa Mbeya, na Sokoine ni nyumbani. Mbeya City walipopanda Ligi Kuu msimu wa 2013/14 na kumaliza wa tatu, magari yalikuwa yanatoka Vwawa na Tunduma yamefurika watu wa zambarau.

Lakini sikiliza hesabu ya upande wa pili. Ligi ina timu 16, kwa hiyo kila timu inacheza nyumbani mechi 15. Kati ya hizo, mbili tu ndizo za Simba na Yanga. Mapato ya mlangoni siku hizi ni ya mwenyeji baada ya makato. Basi kiongozi wa timu ndogo anajua ana siku mbili tu kwa mwaka za kuvuna, na zile nyingine 13 atauza tiketi kwa mbuzi na kunguru. Unadhani siku hizo mbili atafanya nini? Kiingilio kinapanda. Ungekuwa wewe ungefanya hivyohivyo.

Azam nao mwaka 2021 walisaini kulipa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10 kuonyesha ligi. Ni fedha nyingi, lakini ukiigawa kwa miaka na kwa timu, basi la timu bado linahitaji mafuta. Kwa hiyo Yanga akija Mbeya, anayelipa mishahara ya timu mwenyeji ni shabiki wa Yanga wa Vwawa, Mlowo na Tunduma. Analipa zaidi, na jioni anarudi amewafunga hao hao aliowalipa. Mpira una vituko!

Hata kibanda umiza kimejifunza uchumi huo. Siku ya Namungo na KMC, kiingilio jero. Siku ya watani, jero inageuka buku, na ukichelewa unatazamia dirishani. Tulimuuliza mwenye kibanda kimoja kwa nini anapandisha. Akajibu bila aibu: "Mwanangu, Namungo hawanijazii benchi."

WENZETU WAMEFANYAJE?

Ligi ya England, kwa bei zake za kutisha, iliona jambo hili. Tangu msimu wa 2016/17 waliweka kikomo cha pauni 30 kwa tiketi ya shabiki mgeni, timu yoyote, uwanja wowote. Sababu yao ni ileile ya kwetu: aliyesafiri ameshalipa mahali pengine. Sisi hatuhitaji pauni. Tunahitaji wazo.

Wazo la kwanza ni kwamba tarehe ya mechi kubwa iheshimiwe kama tarehe ya harusi. Mzozo wa vilabu umalizwe na faini na pointi, si kwa kuwaacha watu wa mikoani barabarani. Pili, mechi ikilazimika kurudiwa, irudiwe mwisho wa wiki, na tiketi ya mwanzo ifanye kazi bila longolongo. Tatu, viingilio vya Sokoine vitangazwe wiki mbili kabla, mtu apange, asikutane na bei mpya getini.

Na sisi wenyewe tujifunze. Nunua tiketi kwa njia rasmi, siyo kwa mlanguzi anayekunong'oneza karibu na geti. Nauli ya kurudi ifiche kwenye soksi, usiiguse hata Yanga wakifunga tano, kama ile Novemba 5, 2023. Jiungeni kwenye tawi, mkodi Coaster moja, gharama mgawane. Na tafadhali, mtaji wa biashara si nauli. Timu itacheza tena wiki ijayo. Mtaji ukienda haurudiwi Jumatano.

Yule jamaa yetu tulimuuliza swali la mwisho: mechi ijayo atakwenda? Akawasha pikipiki, akakaa kimya kidogo, kisha akasema: "Nitakwenda. Lakini safari hii mama watoto nitamwambia ukweli."

Tukamuuliza: na akikataa?

"Basi," akasema huku akiondoka, "itabidi nimtafutie tiketi na yeye. Hapo sasa ndiyo laki tatu."