MJI UNAPOKUA, SHAMBA HUPATWA NA NINI?

Wakulima wa upande wa Ruiru na Juja wamezoea kuona kahawa iking'olewa na nyumba za mawe zikisimama mahali pake. Wengine husema ni tamaa ya pesa tu. Tamaa ipo, lakini jambo lenyewe ni kubwa zaidi, nalo liko duniani kote. Kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa, tangu mwaka 2007 watu wakaao mijini ni wengi kuliko wakaao mashambani. Zamani haikuwa hivyo kamwe.

Mji haukui bila sababu. Tutazame Chicago, huko Marekani. Mwaka 1840 ulikuwa na watu 4,470 tu, ambao wangeweza kuenea katika soko moja kubwa la kwetu. Mwaka 1848 mfereji wa kupitisha mashua ulifunguliwa, na reli ya kwanza ikaanza mwaka ule ule. Ngano, nguruwe na ng'ombe wa wakulima wa nyanda zile vikapitia hapo, na wenye maghala, wachinjaji na makarani wakavifuata. Kufika mwaka 1900 watu walikuwa 1,698,575. Basi mji ule ulijengwa kwa jasho la mkulima, ingawa yeye hakukaa ndani yake.

Nairobi nao ni mtoto wa reli. Reli kutoka Mombasa ilifika mwaka 1899 mahali pa majimaji ambapo Wamaasai walinywesha ng'ombe wao. Palichaguliwa kwa kuwa palikuwa tambarare, kabla ya kupanda vilima vya kuelekea Bonde la Ufa. Karakana zikajengwa, na mwaka 1905 Serikali ya wakati ule ikahamia hapo. Kwa miaka mingi ya ukoloni Mwafrika hakuweza kukaa mjini apendavyo. Alitakiwa aonyeshe kipande, na awe na kazi. Baada ya Uhuru mwaka 1963 mtu aliweza kwenda na mkewe na watoto. Hesabu ya mwaka 1969 ilipata watu 509,286 katika Nairobi. Ile ya mwaka 2019 ilipata 4,397,073.

Tena iko sababu iliyo nyumbani kwetu. Mzee mwenye eka 6 na wana wanne humpa kila mmoja eka moja na nusu. Wana hao nao wakizaa wanne wanne, mjukuu hupata chini ya nusu eka. Hapo kijana hufunga mzigo wake, wala si haki kumwita mvivu.

Mji humfaa mkulima aliye karibu, maana hununua maziwa, mayai na sukuma wiki kila siku ya Mungu. Lakini mji una kiu na una njaa ya ardhi. Bwawa la Ndakaini huko Murang'a, lililomalizika mwaka 1994, hupeleka maji yake Nairobi. Na barabara ya Thika ilipopanuliwa, kazi ikaisha mwaka 2012, bei ya ploti ilipanda hata kahawa haikuweza kushindana nayo. Ubaya ni kwamba mji huanza kula udongo ulio bora, kwa kuwa ndiko njia na watu walikokuwa tangu zamani. Udongo mwekundu uliofunikwa kwa saruji haupandwi tena.

Anayetaka kuuza ajue kwamba Sheria ya mwaka 1967 ya kusimamia ardhi ya kilimo bado ipo. Katika maeneo yanayosimamiwa na sheria hiyo, mapatano ya kuuza hayana nguvu bila kibali cha bodi ya ardhi, na maombi yapelekwe kabla ya miezi sita kupita tangu siku ya kupatana. Kwa desturi bodi hutaka mke naye afike, naye huulizwa kama anakubali.