Macho Yetu na Mwako wa Magnesi

Wenzangu wengi hudhani kwamba miwani ya maabara yatosha kwa kila jaribio. Sivyo. Miwani ile hukinga asidi isiturukie machoni, lakini mwanga mkali hupenya. Utepe wa magnesi huwaka kwa joto la digrii 3,000 hivi za sentigredi, ukitoa mwanga mweupe pamoja na miale ya urujuanimno tusiyoiona. Miale hiyo ikizidi huunguza utando wa mbele wa jicho bila maumivu papo hapo. Baada ya saa kadhaa ndipo mtu huhisi kana kwamba ametiwa mchanga. Waulizeni mafundi wa kuchomelea vyuma! Kwa hiyo mwalimu awashapo utepe, mimi hutazama ukutani, jinsi chumba kizima king'aavyo. Atakaye kuuona mwali wenyewe na atumie kioo cheusi cha fundi. Majivu meupe tutayatazama na kuyapima mwali ukishazimika.