Taa ya Giaboksi Ikiwaka Kau, Anza na Maji

Kila msimu wa maembe huulizwa swali lile lile, mara kwa simu, mara barazani baada ya Alasiri: "Fundi, giaboksi yangu inapata moto, niifungue?" Nami hujibu kwa swali jingine: maji ya rejeta yako yamefika wapi? Wapo wanaodhani nawakwepa.

Ndugu msomaji, malori madogo na pikapu za mtumba kutoka Japani siku hizi nyingi huja na giaboksi ya otomatiki. Oili ya giaboksi hiyo haikai mahali pamoja. Hutoka kwa bomba moja hadi kwenye rejeta, hupita katika kipoza kilichofichwa ndani ya tangi la rejeta, hupozwa na maji yale yale ya injini, kisha hurudi kwa bomba la pili. Maji yakipungua, kipoza hubaki kikavu. Ndiyo maana wota pampu inayovuja polepole, tone baada ya tone, huweza kujitangaza kwanza kama ugonjwa wa giaboksi.

Msimu uliopita dereva mmoja alikwama hapa Kau na shehena ya maembe ya kwenda Mombasa. Taa ya joto la giaboksi ilikuwa ikimwakia kila anapoingia kwenye mchanga wa mtoni, na gereji moja mjini ilikuwa tayari imemwambia anunue giaboksi nzima. Maembe hayangoji, na bei ya giaboksi ni faida ya msimu mzima. Kabla ya kushika spana nilimuuliza: je, taa huwaka hata kwenye lami, toka Minjila hadi Witu? Akasema la, kwenye lami huzimika.

Jibu hilo peke yake lilikuwa nusu ya kazi. Kwenye mchanga gari huenda taratibu kwa gia ndogo, oili huvurugwa sana ndani ya giaboksi, na upepo unaopita rejetani ni mdogo. Hapo joto hupanda hata kwa gari zima. Giaboksi ambayo klachi zake za ndani zimeungua ingeendelea kuchoma hata kwenye lami, na gia zingekuwa zinateleza, injini yapiga kelele na gari haliendi. Nikavuta kijiti cha oili: nyekundu, haina harufu ya kuungua. Ingekuwa nyeusi na yanuka, mazungumzo yangekuwa mengine. Na ingekuwa na rangi ya chai ya maziwa, ningemkataza hata kuwasha injini, maana hapo kipoza kimepasuka na maji yameingia giaboksini.

Kisha vipimo. Oili ya otomatiki hufanya kazi vyema kwenye nyuzi 80 hadi 95 hivi. Ikipita 120 huanza kuharibika upesi, na mafundi hukadiria kwamba kila nyuzi 10 zinazoongezeka hukata umri wake karibu nusu. Chukua kile kipimajoto cha kulenga kama bastola, upime bomba linalotoka giaboksini na linalorudi. La kurudi likiwa poa zaidi kwa kiasi kinachoonekana, kipoza kinafanya kazi. Yakiwa karibu sawa, oili haipozwi. Na mabomba yote mawili yakiwa ya kawaida huku taa inawaka, angalia waya na sensa kabla ya kumlaumu mtu. Yale mabomba ya yule dereva yalikuwa karibu sawa.

Sasa pampu. Chini ya shingo ya wota pampu, baina ya sili na beringi, pana kitundu kidogo. Kiwandani hawakukisahau. Sili ikichakaa, maji hutokea hapo badala ya kuingia kwenye beringi. Nimeona watu wakikiziba kwa gundi, na huko ni kuiua pampu: maji hugeukia beringi, beringi huvunjika, na kwa malori ambayo feni imefungwa kwenye pampu, feni hiyo huishia ndani ya rejeta.

Pima asubuhi injini ikiwa baridi. Pampu nyingine huvuja zikiwa baridi tu, zikipata moto vyuma hutanuka na tone hukatika, ndipo dereva huapa hakuna kinachovuja. Tandika katoni chini usiku. Angalia pia ukoko mweupe au wa kutu chini ya kitundu, kisha shika puli uitikise juu na chini: ikicheza, beringi imekwisha. Kifuniko cha rejeta usikifungue gari likiwa moto. Vya Kijapani huandikwa 0.9 au 1.1, na kwa mgandamizo wa 0.9 maji matupu hayachemki hadi karibu nyuzi 118. Ukilegeza kifuniko, hulipuka usoni.

Kisa cha Kau kilikuwa na chanzo chake. Dereva alikuwa akijaziliza maji ya mto. Wenyeji wa Kau na Ozi wanajua vizuri zaidi yangu jinsi maji ya bahari yanavyopanda mto wakati wa ukame, yakaharibu mashamba ya mpunga. Maji yanayoua mpunga hayawezi kuwa mema kwa aluminiamu na sili ya pampu. Bora maji ya mvua ya tangi, au uchukue madumu yako toka Garsen, na kulanti ikipatikana ichanganye nusu kwa nusu.

Tulikuta pia themostati imeng'olewa, kwa ile imani ya kwamba Pwani ni joto haihitajiki. Yahitajika. Hufunguka yenyewe kwenye nyuzi 80 na kitu, na bila yake injini huchelewa kupata joto lake na geji hukosa maana.

Tulifunga pampu mpya na themostati, tukasafisha mfumo mara mbili kwa maji ya tangi la msikiti kwa idhini ya wazee, tukatoa hewa injini ikiwa inanguruma taratibu. Nilimwambia asimame Minjila, apime tena mabomba yale mawili, kisha asubiri injini ipoe na akague maji. Alipiga simu kutoka huko: la kutoka 92, la kurudi 74. Maembe ya juu yalikuwa yameshaanza kulainika, akayauza pale pale barabarani.